Je, Wajua? Punje Nyeusi za Ruvubu na Kwao Zilikotoka

Je, wajua kwamba ukichota karai la mchanga ukingoni mwa mto Ruvubu, Burundi, ukauosha polepole huku ukilizungusha mpaka mchanga mweupe wote utoke na maji, chini patabaki unga mweusi unaometameta, na kwamba unga huo ndio wenye habari? Mchanga mweupe kwa sehemu kubwa ni kwazi, na kwa macho kwazi ya Burundi haina tofauti na ya Misri. Unga mweusi ndio unaojitaja: punje hii ni ya Kayanza, hii ya Karuzi, na hii hapa ni mgeni ambaye mwamba uliomzaa ulishalika zamani ukaisha.

Unga huo ni wa madini mazito. Mpaka wa kuitwa zito ni gramu 2.9 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kwazi ina 2.65, haifiki. Turmalini inavuka kwa shida ikiwa na takriban 3.1. Zirkoni ina 4.6, magnetiti 5.2, kasiteriti inayotoa bati inakaribia 7, na dhahabu safi ni 19.3. Kwa kawaida madini mazito ni kama sehemu moja kwa mia ya mchanga wa mto. Karai la kilo 20, basi, lina gramu 200 za ushahidi. Zinatosha kabisa.

Je, wajua kwamba mto una mizani yake? Punje ndogo nzito na punje kubwa nyepesi huzama kwa mwendo mmoja, kwa hiyo hulala mahali pamoja. Katika mchanga laini, punje ya zirkoni yenye upana wa theluthi mbili ya punje ya kwazi hutua pamoja nayo. Ya kasiteriti huhitaji nusu tu ya upana wa kwazi, na ya dhahabu kama theluthi moja. Ndiyo maana anayetafuta madini haya kwa chekeche la matundu makubwa huambulia changarawe. Maabara nyingi huchukua punje za kati ya mikroni 63 na 250, unga ambao ukiupaka kwenye vidole unauhisi kwa shida.

Mahali pa kuchota nako kuna elimu. Nyuma ya jiwe kubwa. Upande wa ndani wa kona, maji yanapolegea. Katika nyufa za mwamba chini ya changarawe. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Butihinda, huko Muyinga, hawahitaji kitabu kuambiwa hayo, maana wanaishi kwa kujua mahali ambapo maji huchoka.

Na je, wajua kwamba njia yao ya kutafuta dhahabu ndiyo ileile ya wanajiolojia, bila hadubini? Unaanza chini, kijito kinapoingia mtoni. Unaosha karai moja, unahesabu chembe za dhahabu. Unapanda hatua kadhaa, unaosha tena, unahesabu. Kijito kikigawanyika unajaribu pande zote mbili, na upande usio na chembe unauacha. Unapanda hivyo hivyo mpaka karai moja linatoka na chembe nyingi na lile la juu yake halina kitu. Hapo, kati ya makarai hayo mawili, unaacha maji na kugeukia mlima, kwa sababu mshipa uko ubavuni. Nimesoma taarifa nyingi za kampuni za utafutaji madini zenye ramani za rangi na majedwali marefu, na nyingi kiini chake ni hiki hiki: hesabu, panda, hesabu, simama inapokatika.

Umbo la chembe ya dhahabu nalo hupima umbali. Iliyotoka mshipani jana ina pembe na vijitawi, pengine imeshikilia kipande cha kwazi. Iliyosafiri imepigwapigwa na mawe hadi ikawa bapa, kingo zimekunjwa na pembe zimekwisha. Dhahabu ni laini, kila jiwe huiachia alama.

Tazama sasa ramani ya miamba yenyewe. Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, imekaa katika nchi ya Kirimiro, uwanda wa juu wa kati. Muyinga iko kaskazini-mashariki, jirani na Tanzania. Tangu mageuzi ya mwaka 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, ingawa watu wanaendelea kusema Muyinga. Chini ya sehemu zote mbili umelala ukanda wa miamba ambao wanajiolojia huuita Karagwe-Ankole, kwa majina ya nchi mbili za kale za Tanzania na Uganda. Ni mchanga na tope la bahari na mabonde ya zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, vilivyokandamizwa na kupikwa vikawa sisti na kwazaiti, kisha vikatobolewa na itale iliyopanda kutoka chini ikiwa bado ya moto.

Itale hiyo haikupanda mara moja. Kundi kubwa lilipanda miaka milioni 1,375 iliyopita. Lingine, linalohusishwa na bati, wolframu na koltani, lilikuja karibu miaka milioni 1,000 iliyopita. Shika tarakimu hizi mbili, tutazihitaji.

Je, wajua kwamba kuna safu ya miamba myeusi, mizito, yenye nikeli, inayoanza Musongati kusini-mashariki ya Burundi, ikapita Waga na Nyabikere, ikaendelea mpaka Kabanga wilayani Ngara, Tanzania? Nayo ni ya miaka milioni 1,375. Lakini usitafute nikeli yenyewe mchangani. Madini ya salfa yanayobeba nikeli yakikutana na hewa na mvua huoza kama msumari uliotupwa uani. Kinachofika mtoni ni kromiti, punje nyeusi ngumu isiyojali mvua. Anayeokota kromiti katika kijito cha upande wa Karuzi ameshaonyeshwa mwamba wa namna gani aufuate.

Punje nyingine nazo hutaja mwamba wao. Stauroliti ni ya kahawia, na mara nyingine fuwele zake mbili hupandana zikawa msalaba kamili. Huzaliwa tope la kale linapopikwa kwa nyuzi kama 500 hadi 700 za Selsiasi. Ukiiona mchangani, mlimani kuna sisti iliyopita motoni.

Turmalini nyingi? Fikiria pegmatiti, ile mishipa minene yenye fuwele kubwa za ulanga, ambamo koltani pia hukaa.

Kuzitenganisha punje hizi, anza na sumaku. Magnetiti hunaswa kwa sumaku ya spika ya redio kuukuu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ilmeniti huvutwa na sumaku kali zaidi, ganeti kali zaidi ya hapo, na zirkoni haivutwi kabisa. Maabara hutumia ngazi hiyo hiyo kutenganisha punje, baada ya kumwaga mchanga katika kimiminika kizito kama bromofomu, chenye gramu 2.89 kwa sentimita ya ujazo, ambamo kwazi huelea kama kizibo na madini mazito huzama.

Je, wajua kwamba punje ya zirkoni ni saa? Inapoganda ndani ya itale, zirkoni hukaribisha urani na kuikataa risasi. Kisha urani hugeuka risasi kidogo kidogo, kwa kasi isiyobadilika: nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Kwa hiyo risasi yoyote inayokutwa ndani imezaliwa humo, na kiasi chake dhidi ya urani iliyobaki hutoa umri. Leza hutoboa punje kitundu cha mikroni 30 hivi, chembamba kuliko unywele, na mashine husoma mvuke unaotoka. Kazi ya dakika chache kwa punje moja.

Na punje moja haitoshi. Mwaka 2004 mwanajiolojia Pieter Vermeesch alipiga hesabu ya ngapi zinahitajika ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba hujakosa kundi lolote lenye angalau sehemu tano kwa mia ya mchanga. Jibu: 117.

Hebu sasa tuzirudie tarakimu zetu. Ruvubu huanzia Kayanza, hushuka kuelekea nchi ya Gitega, huchukua Ruvyironza inayotoka kusini, kisha hukata kona kwenda kaskazini-mashariki kupitia hifadhi ya taifa inayobeba jina lake, ikipita kusini mwa Muyinga hadi mpaka wa Tanzania. Punje ya zirkoni yenye miaka milioni 1,375 ikikutwa mchangani hapo chini haisemi mengi, maana itale ya umri huo iko kila upande. Ya miaka milioni 1,000 inaelekeza kwenye itale ya bati. Lakini ikitokea ya miaka milioni 740, hapo unaweza kunyoosha kidole moja kwa moja. Katika Ruvubu ya juu kuna mwili wa miamba ya pekee, wenye soda na potasi nyingi, uliopanda wakati bara la kale lilipokuwa likipasuka, na umri wake ni huo. Ndani yake, pale Matongo, Kayanza, kuna kabonatiti, mwamba wa chokaa uliotoka kwenye magma, wenye fosfati ambayo nchi inayolima milima yake kila msimu ingeifurahia sana. Zirkoni kubwa za Matongo zimepimwa umri wa takriban miaka milioni 705. Punje kama hiyo ikiokotwa Muyinga, imetembea Ruvubu karibu yote.

Fosfati yenyewe haitembei hivyo. Apatiti, madini yanayoibeba, huyeyuka katika udongo wenye tindikali, na udongo wa nchi za mvua nyingi ni wa namna hiyo. Kwa hiyo mwamba tajiri wa apatiti unaweza kukaa juu ya kijito ambacho mchanga wake hauna hata punje moja ya apatiti. Hili ndilo jambo linalowapotosha wengi: mto hautoi orodha ya vyote vilivyoko mlimani, hutoa orodha ya vilivyonusurika. Timu ya Eduardo Garzanti wa Chuo Kikuu cha Milano-Bicocca, Italia, ilichapisha mwaka 2013 utafiti wa mchanga wa mito ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ili kujua ni madini gani huvumilia hali ya hewa ya ikweta na ni yapi huishia udongoni. Nusu karne kabla yao, mwaka 1962, mwanajiolojia John Hubert alipendekeza kipimo rahisi: hesabu zirkoni, turmalini na rutili kati ya punje zote nzito angavu. Sehemu yao ikiwa kubwa, mchanga umeteseka sana.

Je, wajua kwamba punje inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mwamba ilimotoka? Sisti na kwazaiti za Muyinga na Gitega zilikuwa mchanga na tope. Mchanga ule nao ulitoka mahali: milima iliyosimama hapo kabla yake, mingine ya miaka bilioni mbili, mingine ya Tanzania ya kati yenye zaidi ya bilioni mbili na nusu. Milima hiyo ililika, mito isiyo na jina ikabeba zirkoni zake, zikafukiwa, zikageuka mwamba, mwamba ukainuliwa, na leo mvua ya Aprili inazibomoa tena na kuzirudisha majini. Punje hiyohiyo, mto wa pili au wa tatu. Ukiulizwa ilikotoka, utajibu nini? Kilima kile pale juu, au mlima uliokufa kabla hakujawa na mnyama wala mti duniani? Majibu yote mawili ni kweli, na mtafiti mwaminifu huyatenganisha: umri husema ilikozaliwa, na madini inayosafiri nayo leo husema nyumba yake ya mwisho.

Zirkoni kongwe kuliko zote zilizopimwa zinatoka Jack Hills, Australia: miaka bilioni 4.4. Nazo zilikutwa ndani ya mwamba uliokuwa changarawe ya mto.

Wala si kila punje ya Burundi huingia Ruvubu. Gakara iko milimani juu ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Mishipa yake ya bastnesiti na monaziti, madini ya elementi adimu, inajulikana tangu 1936. Ni mbali kidogo tu na chanzo cha mito ya Gitega, lakini monaziti yake hutaiona Ruvubu. Kati yao kuna mgongo wa Kongo na Nili: tone la mvua likianguka upande wa magharibi huenda Tanganyika na mwishowe Atlantiki, upande wa mashariki huenda Mediterania. Punje nazo hufuata.

Au tuseme hujaribu kufuata. Je, wajua kwamba maji ya Burundi hufika Misri lakini mchanga wake haufiki? Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker aliitambua chemchemi ya Kasumo, huko Rutovu, kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nili, na mwaka uliofuata pakajengwa piramidi ndogo. Maji hayo huingia Ruvyironza, Ruvubu, Kagera, Ziwa Viktoria, na kadhalika, kilomita 6,700 hivi mpaka baharini. Mchanga huanza safari nayo na kukwama. Kwanza mafunjo ya mabonde huuzuia. Kisha Kagera inapoingia Viktoria mkondo unakufa na mzigo unatuliwa. Timu ile ya Milano ilifuatilia mchanga na tope la Nili yote, tangu nyanda za juu za Burundi na Rwanda hadi Mediterania, ikachapisha matokeo mwaka 2015. Mchanga wa Nili ya Misri sehemu kubwa ni wa Ethiopia, umeletwa na Nili ya Buluu na Atbara kutoka milima ya volkano, na ukifika pwani hukokotwa na mawimbi mpaka ghuba ya Akko, kaskazini mwa Israeli. Punje ya Rutovu iko chini ya Viktoria, imetulia.

Kagera yenyewe haikuelekea mashariki siku zote. Kabla ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa haujainuka, mito ya eneo hili ilimwagika magharibi. Ardhi ilipopanda, maji yalirudi nyuma na Ziwa Viktoria likazaliwa, inakadiriwa miaka 400,000 iliyopita. Anayefuata punje bila kujua hili anaweza kupanda mto usio sahihi.

Ndivyo ilivyotokea Botswana. Mwaka 1959 almasi tatu ndogo ziliokotwa katika mto Motloutse. Watafutaji walipanda mto hadi mwisho, wakakuta hakuna kitu. Gavin Lamont wa kampuni ya almasi ya De Beers hakukata tamaa: aliwaza kwamba ardhi iliinuka na kuukata mto kichwa, na kwamba chanzo cha zamani kiko ng'ambo ya mgawanyo wa maji wa leo. Timu yake ikavuka, ikatafuta ganeti na ilmeniti udongoni, na mwaka 1967 ikafika Orapa, mmoja wa migodi mikubwa ya almasi duniani. Kila nikiisoma habari hii naifikiria Kagera.

Mchanga umetoa ushahidi hata vitani. Vita vya pili vya dunia, mwishoni mwa 1944: Japani ilirusha maputo yenye mabomu yakavuka Pasifiki hadi Marekani. Mifuko ya kuyatuliza ilijaa mchanga. Wanajiolojia wa Marekani walisoma madini yake na vijimea vya baharini vilivyomo, wakataja fukwe za mashariki ya kisiwa cha Honshu, ikiwemo Ichinomiya. Walipatia.

Na punje hizi zikikusanyika kwa wingi, huwa mgodi. Kwale, Kenya: meli ya kwanza ya ilmeniti iliondoka Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukasimama Desemba 2024. Mchanga ule mwekundu ulikuwa kazi ya mito na upepo wa kale, iliyokusanya ilmeniti, rutili na zirkoni kutoka miamba ya bara.

Je, wajua kwamba ufundi huu sasa unaweza kumsaidia mnunuzi wa simu huko mbali kujua kama koltani iliyomo imetoka alikoambiwa? Lebo ya plastiki kwenye gunia inaweza kubandikwa gunia jingine. Punje haziwezi kubandikwa umri. Tangu 2006 taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imekuwa ikijenga hazina ya alama za koltani, kasiteriti na wolframiti kutoka migodi ya Maziwa Makuu: umri wa urani na risasi, vijielementi vilivyomo, madini yanayoandamana nayo. Gunia likitiliwa shaka, punje zake hulinganishwa na hazina hiyo. Mpango wa madini ambao njia hii inautumikia ni wa Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu, wenye nchi wanachama 12, na sekretarieti yake iko Bujumbura.

Iko Bujumbura, na hapa ndipo roho yangu inapouma. Punje zinatoka Kayanza, Kirundo, Muyinga. Hadubini, leza na mashine za kupimia ziko Ulaya: Hannover, Milano, Tervuren. Kijana wa Gitega anayesoma jiolojia anapaswa kuiona zirkoni ya Ruvubu kwa jicho lake kabla ya kuiona kwenye makala ya wageni. Hatua ya kwanza wala si ghali: karai, sumaku, hadubini ya kawaida ya darasani, na daftari la kuandika kijito gani, siku gani, punje ngapi. Ramani ya madini mazito ya vijito vyote kati ya Gitega na Muyinga ingeweza kuanza na shule kumi za sekondari na msimu mmoja wa kiangazi, mito ikiwa chini na kingo ziko wazi.

Na kama mto uko mbali, tazama ukutani. Mchanga wa mtoni ndio wa kupigia lipu. Omba fundi akuachie kiganja kimoja kabla hajakoroga saruji, uukaushe juani, upitishe sumaku juu yake. Punje zitakazoruka ni magnetiti. Miongoni mwa zile zitakazobaki, kuna ndogo ngumu zisizo na rangi au zenye wekundu wa mbali, ambazo zilikwisha kuganda miaka bilioni mbili kabla ya fundi kufika na mwiko wake.